Somo la 31: Mafundi wa Mji wa Lubumbashi

Watoto, mgeni akifika Lubumbashi mara ya kwanza, macho yake yaona vitu viwili kabla ya vingine vyote. Kwanza ni bomba la moshi la tanuru la zamani, ambalo urefu wake wapita mita 150. Pili ni mlima mweusi ulio karibu nalo. Mlima huo si kazi ya mvua wala ya moto wa chini ya ardhi. Watu ndio walioufanya, kwa mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa tanuruni na kumwagwa pale mwaka kwa mwaka. Mgeni hutazama, hupiga picha, kisha husema: «Nimeuona mji.» Je, ameuona kweli?

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wabelgiji waliuita Élisabethville; mwaka 1966 ulipewa jina la mto wake, Lubumbashi. Muda mrefu kampuni kubwa ya madini ilikuwa kama baba wa mji. Ilijenga nyumba za wafanyakazi, iligawa posho ya unga, ilifungua hospitali na masomo. Lakini katika miaka ya 1990 kazi ya kampuni ilianguka, na watu wengi walikaa miezi na miezi bila mshahara. Hapo baba aliyekuwa mtu wa mashine alitafuta nyundo na koleo. Mama alitoa mbabula yake nje, akaweka chungu na benchi moja. Kijana alijifunza kushona. Kazi hizo ndogo zilikuwapo tangu mwanzo wa mji. Siku zile zililisha watu wengi kuliko zamani.

Fundi mdogo hana bomba la moshi la kuonekana toka mbali. Humwoni mpaka uende kwa miguu na kuuliza. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni hapa, nilinunua viatu dukani miaka miwili, nami sikujua kwamba nyuma ya ukuta wa masomo yetu alikaa mshona viatu hodari. Niliaibika nilipomwona.

Basi sikilizeni habari ya matembezi yetu.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa anamaliza kazi. Alikuwa mzee. Kila siku, jua au mvua, alikuja kwa kinga yake nyeusi. Watoto wa darasa la sita, ambao wote walijifunza kusoma kwake, walichanga feza ili wampe zawadi. Kijana mmoja, aliyehesabu vizuri kupita wenzake, aliwekwa kuwa mtunza feza. Siku ya posho, nikaenda nao mjini, watoto sita, kutafuta zawadi.

Tulianza katikati ya mji, kwenye maduka makubwa yenye vioo. Humo mna vitu vingi vilivyotoka mbali: China, Afrika ya Kusini, Ulaya. Tuliona saa ya ukutani yenye rangi ya dhahabu. Mtunza feza alisoma bei, akahesabu kwa vidole, akafurahi. «Mwalimu, feza yatosha. Tununue hii, turudi nyumbani.»

Binti mmoja akajibu: «Saa kama hii iko kwetu. Ilikufa kabla ya Noeli.»

Tukatoka.

Mbele kidogo, mchoraji alisimama juu ya ngazi, akipaka rangi ukuta wa kinyozi. Alikuwa anachora vichwa vitatu, kila kichwa na namna yake ya kunyolewa, ili mteja asiyejua kusoma aonyeshe kwa kidole tu. Watoto walitaka kupita. Niliwazuia, maana tusiwadharau wachoraji wa kuta. Mji huu umezaa wachoraji ambao picha zao zatafutwa leo huko Ulaya.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua hapa mahali pa kuchorea, pakaitwa Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za wazungu. Kila mtu achore kwa mkono wake mwenyewe mambo anayoyajua. Na kweli, kila mmoja alipata mkono wake. Bela, aliyekuwa mtumishi wake, aliacha brashi akachovya vidole katika rangi, akachora kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha yake kwa mistari mifupi mifupi iliyopishana, kama kazi ya mtu anayesuka mkeka. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, tena alizungusha majani madogo kila mahali, asiache nafasi tupu. Mtu aliyezoea picha zao hahitaji kusoma jina chini; aujua mkono. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954, lakini wanafunzi wake waliendelea na kazi.

Baada yao walikuja wachoraji wengine ambao hawakuwa na mwalimu wa namna hiyo. Walitandaza nguo ya magunia ya unga juu ya miti minne, wakachora, wakatembeza picha nyumba kwa nyumba. Wafanyakazi walizinunua na kuzitundika mahali pa kupokea wageni: mamba-muntu, yaani mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, au askari na wafungwa wa siku za Wabelgiji. Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yetu kama alivyoielewa yeye, picha 101, kwa ajili ya Johannes Fabian, mwalimu wa Universite. Leo picha hizo ziko katika nyumba ya makumbusho ya Amsterdam, Uholanzi. Tshibumba mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Watu wasafiri mbali kwenda kutazama nguo zile za magunia, naye hatujui kaburi lake.

Na leo je? Mwaka 2008 wasanii wa mji, kati yao mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha chama chao, wakakiita kwa neno la lugha yetu: Picha. Chama hicho ndicho kilichoanzisha maonyesho makubwa ya Lubumbashi, ambayo huleta wasanii wa nchi nyingi.

Mchoraji wa ngazini alitusikia, akacheka. «Mwalimu, mimi nachora nywele tu.» Lakini niliona kwamba kila kichwa kilikuwa na uso wa mtu mwingine. Nikamwuliza ni akina nani. Akasema ni ndugu zake watatu.

Toka hapo tulienda Kenya. Msistuke: si ile nchi ya mashariki, ni komini ya mji wetu, na soko lake ni kubwa. Sokoni mle fundi mmoja afanya mbabula kwa mabati ya pipa kuukuu, mwingine akata viatu katika mipira ya motokari. Makelele yao hayana kipimo. Tulipita upesi, tukasimama kwa mshona nguo.

Mama mmoja alikuwa amemletea kikwembe kipya chenye maua makubwa. Fundi hakushika mkasi. Alitandaza nguo mezani, akaigeuza, akaitazama, akaigeuza tena. Mtunza feza alichoka kungoja. «Baba, mbona hukati?»

«Natafuta ua,» fundi akajibu. «Ua hili likae kifuani katikati. Nalo hili la pili likae mgongoni. Nikikata sasa, mama huyu atatembea na nusu ya ua begani, na kila mtu atauliza: ni fundi gani aliyekufanyia hivi?»

Hapo aliwaonyesha watoto namna ya kutambua kikwembe kizuri. Geuza nguo: rangi ya nyuma iwe sawa na ya mbele. Tazama tena mistari midogo kama nyufa. Zamani watu wa kisiwa cha Java walipaka nguo nta ya moto, kisha waliitia rangi. Palipo na nta, rangi haikuingia. Nta ilipopasuka, rangi ilipenya katika ufa, ikaacha mshipa mwembamba. Waholanzi waliiga kazi hiyo kwa mashine. Kiwanda chao cha Helmond kilianzishwa mwaka 1846. Leo vikwembe vingi vyatoka China, navyo vyaigiza hata nyufa. Nguo yatoka mbali, basi. Lakini vazi ni la hapa. Hakuna kiwanda cha Ulaya kinachojua mahali pa kuweka ua juu ya kifua cha mama wa Kenya.

Jua lilikuwa juu ya vichwa, na njaa ilituuma. Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha chakula, malewa kama tunavyosema, chenye mabenchi mawili na turubai. Mama mwenye kibanda huamka saa kumi ya usiku. Kwanza huwasha makala, kisha hutengeneza mboga, lengalenga na sombe. Samaki huwaacha mwisho. Samaki wake watoka Kasenga, kwenye mto Luapula, mwendo wa karibu kilometa 200. Hununua kwa mwanamke mmoja tu, miaka yote, kwa sababu huyo hamdanganyi.

Tulitazama namna anavyogawa bukari. Mwashi alipewa donge kubwa. Karani, mwenye shati jeupe, alipewa donge dogo. Bei ilikuwa moja. Mtunza feza hakuweza kunyamaza: «Mama, karani hakasiriki?»

«Akikasirika, mwanangu, abebe matofali,» mama akasema. Karani naye alicheka, akala.

Kisha alitupa munkoyo wa kunywa. Mwajua unavyofanywa? Uji wa mahindi hupikwa, ukiwa vuguvugu hutiwa mizizi ya mti uitwao munkoyo, iliyopondwa. Mizizi hiyo hugeuza uji mzito kuwa mwepesi na mtamu, pasipo sukari. Akina mama walijua jambo hilo kabla ya wataalamu kulipima.

Mama ndiye aliyetuambia: «Mwatafuta zawadi ya mwalimu? Nendeni kwa fundi wa shaba. Njia hii, mpaka mwembe.»

Chini ya mwembe tulikuta watu wawili. Wa kwanza alikata jiwe la kijani, malakiti. Jiwe hilo lina mistari ya kijani nyeusi na nyeupe iliyozungukana kama ndani ya kitunguu. Alilikata kwa maji yaliyotiririka daima, tena alijifunga kitambaa mdomoni, maana vumbi lake ni sumu kwa mapafu. Malakiti ni mama wa shaba: ukiichoma pamoja na makala katika moto mkali, shaba yatoka.

Babu zetu walijua hayo muda mrefu kabla ya kampuni. Wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wayeyushaji waliacha vijiji, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta. Shaba waliimimina katika namna ya msalaba. Huko Sanga, katika bonde la Upemba, wachimbuzi waliofanya kazi mwaka 1957 walikuta misalaba hiyo katika makaburi ya kale; iko tangu karne ya 13 hivi. Ile ya mwanzo ni mikubwa. Baadaye yawa midogo, na ukubwa wake walingana. Kwa nini ilingane? Kwa sababu ilikuwa imegeuka kuwa feza, na feza yapaswa kuhesabika.

Mtu wa pili chini ya mwembe alikuwa fundi wetu. Kazi yake ni kuchora katika bamba la shaba. Hulilaza juu ya lami laini, na kwa nyundo ndogo na tindo zisizo na makali husukuma shaba kwa nyuma, mpaka picha yainuka upande wa mbele. Ukutani alikuwa ametundika tembo, wapiga ngoma, na mama anayetwanga.

Mtunza feza aliuliza bei ya wapiga ngoma. Fundi aliitaja. Kijana alifungua macho. «Baba, ni bati tu! Tena shaba ni ya hapa hapa. Sisi tuna nusu ya feza hiyo.»

Nilitaka kumkemea, lakini fundi aliinua mkono. «Mwalimu, mwache. Mwanangu, kaa. Shika nyundo.»

Alimpa kipande cha shaba, akamchorea duara. «Inua duara hili liwe jua.»

Kijana aligonga. Mwanzoni shaba ilimtii, jua likaanza kuinuka. Akafurahi, akagonga kwa nguvu zaidi. Baada ya muda shaba ilianza kukataa. Sauti ya nyundo ilibadilika, ikawa kali. Kijana alitoka jasho, akagonga, akagonga; mara, ta! Ufa ulipasua jua katikati.

Hakuna aliyecheka. Kijana alitazama chini.

«Hukukosa nguvu,» fundi alisema. «Hukusikia sauti tu.» Akachukua kipande kingine kilichokwisha gongwa na kuwa kigumu. Alikitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakizamisha majini, shiii! Kisha alikikunja kwa vidole viwili kama jani. Ndivyo ilivyo shaba. Ikigongwa, punje zake za ndani hubanana, nayo huwa ngumu, mwisho hupasuka. Ikichomwa, punje hujipanga upya na shaba hulainika. Chuma cha pua kikichomwa na kuzamishwa majini huwa kigumu zaidi. Shaba yafanya kinyume. Kwa picha ya wapiga ngoma, fundi hurudi motoni mara nyingi, na kila mara ni sikio lake linalomwambia wakati.

Kisha aliokota mawe madogo kumi, akayapanga mchangani. «Hii ndiyo bei niliyokuambia. Mawe manne ni bamba. Ndiyo, shaba ni ya hapa, lakini hakuna anayenipa bure. Moja ni makala. Moja ni ushuru na mahali hapa chini ya mwembe. Mawili ni ya kijana anayenisaidia. Yamebaki mangapi?»

«Mawili,» mtunza feza akasema.

«Hayo ndiyo nyumba yangu, kwa siku nne za kazi. Wewe unayejua hesabu, niambie: niondoe jiwe gani?»

Kijana aliyatazama mawe muda mrefu. Alinyosha mkono juu ya makala, akaurudisha. Akaunyosha juu ya mawe ya msaidizi, ambaye alikuwa amesimama pale pale na mvukuto wake; akaurudisha tena. Mwisho alisema kwa sauti ndogo: «Baba, tupunguze bamba. Utufanyie picha ndogo.»

Fundi alipiga makofi. «Sasa tunaweza kusemezana. Ukubwa wa daftari. Feza yenu yatosha. Mwataka picha gani? Wapiga ngoma?»

Watoto walitazamana. Binti akasema: «Mwalimu wetu hapigi ngoma.» Alitoa daftari lake, akachora kinga: magurudumu mawili, mfuko wa vitabu nyuma, na usukani uliopinda kidogo upande wa kushoto. Fundi alitazama. «Usukani nitaunyosha.»

«Hapana, Baba,» watoto wakasema pamoja. «Ndivyo ulivyo.»

Waliacha nusu ya feza kuwa arabuni, tukapewa siku ya kurudi. Kabla ya kuondoka, kijana aliomba jua lake lililopasuka. Fundi alisema kwamba shaba haitupwi, kipande hicho chapaswa kwenda mizanini pamoja na vingine. Basi kijana alilipa kwa feza yake mwenyewe, ile ya mandazi ya juma zima, akatia kipande mfukoni.

Baada ya majuma mawili zawadi ilitolewa mbele ya masomo yote. Mwalimu mzee alivaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili. Alitazama magurudumu, akatazama mfuko, akapitisha kidole polepole juu ya usukani.

«Nani,» akauliza, «aliyemwambia fundi kwamba nilianguka darajani?»

MAULIZO

1. Mji wetu ulianzishwa mwaka gani, na kwa ajili ya nini? Ulipewa lini jina la Lubumbashi?
2. Eleza mkono wa Bela, wa Mwenze na wa Pilipili. Je, walichora namna moja?
3. Kwa nini mshona nguo hakukata upesi?
4. Mama wa malewa alimpa mwashi donge kubwa na karani donge dogo kwa bei moja. Wewe waonaje?
5. Shaba ya kijana ilipasuka kwa sababu gani? Fundi angefanya nini mahali pake?
6. Chukua mawe kumi. Yapange kama fundi alivyofanya. Wewe ungeondoa lipi?

KAZI YA NYUMBANI

Tafuta fundi mmoja anayekaa karibu na kwenu: mshona viatu, mfua mabati, msusi, mpika mikate. Mwulize vitu vyake vyatoka wapi, na kitu kimoja chamchukua saa ngapi. Andika mistari kumi. Usiende wakati ana wateja wengi.